Hoteli ya Kumpeleka Mama

Edina alizijua hoteli za Dar es Salaam kwa sauti. Kwa miaka mingi ya ukatibu muhtasi, kwanza katika ofisi za Dodoma mjini na sasa huku Mtumba, kwenye mji wa serikali, alikuwa akiwapigia simu watu wa mapokezi kuwatafutia wakubwa wake mahali pa kulala. Alijua wapi wanaitikia kwa bashasha na wapi wanaitikia kama waliotoka kugombana. Alijua hoteli ipi jenereta lake hunguruma chini ya madirisha, ipi lifti yake hukwama, ipi supu yake ya asubuhi husifiwa mpaka Dodoma. Mkurugenzi akirudi safari husimama mlangoni pake akasema, "Edina, safari hii umenilaza pazuri," naye hutabasamu na kuendelea kuchapa.

Katika hoteli zote hizo hakuwahi kulala hata moja. Dar es Salaam alifika mara chache tu, enzi za chuo, na alifikia kwa kaka yake Obedi huko Tabata, akalala kwenye godoro la sebuleni huku Obedi akimtania kwamba Wagogo wakiona godoro nene hawapati usingizi.

Obedi alikufa miaka sita iliyopita, ghafla, akiwa kazini. Wakati huo mama yao, bibi Raheli, alikuwa amelazwa hospitali ya Mvumi kwa mguu uliovunjika. Wazee wa ukoo waliketi wakaamua asiambiwe mpaka apate nguvu. Wakaamua pia marehemu azikwe hukohuko Dar es Salaam alikokuwa na mke na watoto, kwa sababu akiletwa nyumbani, vilio vingevuka uzio na kumfikia mama yake kitandani. Edina alibaki hospitali akimnywesha uji, akimtazama usoni bila kusema neno. Aliyekwenda kuzika kwa niaba ya familia alikuwa Abeli, mume wa Edina.

Mama alipoambiwa, arobaini ilikuwa imepita. Hakulia kama watu walivyoogopa. Aliuliza tu, "Nani wa kwetu alimwona akishuka?" Wakamjibu, mkweo. Akainamisha kichwa, na tangu siku ile hakuuliza tena.

Mwaka huu, karanga zilipokwisha kung'olewa, Edina alikwenda Mvumi kumjulia hali. Walikuwa wamekaa jikoni, kwenye kile kijumba cha tembe ambacho mama alikataa kibomolewe hata baada ya kujengewa nyumba ya bati. Mama alikuwa akipiga mlenda kwenye chungu.

"Edina," alisema bila kuinua macho. "Mguu huu unaanza kunikataa."

"Turudi hospitali, Mama?"

"Hospitali wamefanya yao. Nasema hivi, kabla haujanikataa kabisa, nataka nifike pale alipo mwanangu."

Edina alirudi mjini na maneno hayo kifuani. Mjane wa Obedi alikuwa amerudi kwao Korogwe na watoto, nyumba ya Tabata inakaa watu wengine. Hapakuwa na pa kufikia. Na mama hakuwa wa kulazwa popote tu, kwenye nyumba ya wageni yenye muziki na choo cha kuchuchumaa. Basi akawaza: likizo ya shule inakuja, watoto hawajaiona bahari, Abeli ana likizo yake ambayo hajaigusa. Tutakwenda sote, kwa treni. Watoto watakwenda kutembea, mama atakwenda kwa mwanawe. Na mimi, kwa mara ya kwanza, nitalala ninapowalaza watu.

Kesho yake ofisini alipiga simu kwenye hoteli aliyoipenda kuliko zote, ile ya Msasani. Aliyepokea alikuwa Masudi, ambaye hawakuwahi kuonana ila waliitana kwa majina.

"Dada Edina! Leo anakuja bosi yupi?"

"Leo bosi ni mimi."

"Acha utani wako."

"Sitanii. Nakuja na mume wangu, watoto wangu wawili na mama yangu mzazi. Ila mama ana mguu mbovu, ngazi hawezi."

"Huyo tutampandisha kwa lifti kama waziri. Sikiliza, nina kitu chako. Ile nyumba ya familia, ghorofa ya nne. Vyumba viwili vya kulala, sebule katikati, bafu kubwa la maji moto. Hakuna cha kutafutana kwenye korido. Mnaamka wote pamoja, mnakunywa chai wote pamoja."

Wote pamoja. Maneno hayo yalimwingia Edina kuliko maji moto. Tangu Obedi afe, aliona kama watu wake wameachana njia, kila mmoja amekaa na kimya chake. Alimwambia Masudi amwekee. Masudi akamtumia picha, na Emilia, mwenzake wa meza ya pili, akaja kuzichungulia begani kwake.

"Mh! Hapa mama yako atakataa kurudi Mvumi," Emilia alisema. "Angalia hilo kochi. Shoga yangu, miaka yote unawalaza wanaume wa watu pazuri, leo umejikumbuka."

Jioni, nyumbani Miyuji, aliwaonyesha watoto. Erica, aliyekuwa kidato cha pili, aliliona bwawa la kuogelea akapiga kelele mpaka mdogo wake Cornel akaja mbio akidhani kuna nyoka. Abeli alikuwa ndiyo kwanza ametoka kazini, viatu vina tope. Alikuwa fundi wa pampu za maji, mtu wa maneno machache, mwenye mikono iliyozoea kukaza na kulegeza. Alizitazama picha moja baada ya nyingine. Akarudi kwenye ile ya sebule, akaitazama kwa muda.

"Pazuri," alisema, akamrudishia simu.

Siku zilizofuata akaanza kusema mambo mengine. Kwamba kiangazi pampu zinaharibika ovyo. Kwamba hajui kama watamwachia likizo. Mwishoni akasema, "Mama Erica, nendeni nyinyi. Mimi nitawasindikiza mpaka stesheni. Nitakueleza njia ya kufika pale."

"Utanieleza kwa maneno? Makaburi yote yale, Baba Erica, nani anapajua ila wewe?"

Abeli alikwenda nje kutazama tangi la maji, ambalo halikuwa na tatizo lolote.

Jumamosi Edina akapanda gari la Mvumi akiwa na zile picha. Alimkuta mama ameketi kwenye mkeka anabangua karanga. Akakaa ubavuni pake, akamshikia simu, akamweleza kila picha, hiki kitanda chako, hili dirisha, hapa ndipo bahari inapoonekana.

Mama alitazama kwa adabu, kama mtu anayeonyeshwa mtoto wa mgeni.

"Na mlango huu unaingia wapi?"

"Huo unatoka chumbani kwako kuja sebuleni."

"Na huu wa pili?"

"Huo ni wa chumba chetu."

"Nao unakuja hapohapo?"

"Hapohapo, Mama. Na bafu hili hapa, halina ngazi wala kizingiti."

"La nani?"

"La wote, Mama. Lipo ndani humohumo."

Mama aliichukua karanga nyingine, akaibangua, akazipuliza punje kiganjani. Akazitia kwenye ungo.

"Karanga hizi nitamwachia nani?" alisema. "Na kuku. Na mama mchungaji ametuomba akina mama tusafishe kanisa. Nendeni, mwanangu. Mnisalimie kaka yako."

"Mama, si wewe uliyesema?"

"Nilisema. Mtu mzima naye husema tu."

Edina alirudi mjini akitazama nje ya dirisha, mashamba yaliyovunwa yamebaki na mabua, vilima vya mawe vimekaa kimya upande ule. Alihisi kama mtoto aliyeandaa chakula siku nzima na wageni wakapita bila kuingia. Aliona kwamba mama ameshazoea kuishi bila kufika pale, na kwamba Abeli amechoka na msiba usio wa damu yake. Alifika nyumbani, akawasha pasi, akaanza kupiga pasi sare za watoto ambazo hazikuwa na haja ya kupigwa pasi, maana shule zilikwisha fungwa.

Abeli aliingia, akaona, akataka kutoka tena.

"Kaa," Edina alisema. "Leo tangi ni zima, nimelitazama."

Abeli akakaa.

"Mama naye hataki. Wewe hutaki, yeye hataki. Kama hamtaki kufika kwa Obedi niambieni, nitakwenda peke yangu nipite kaburi kwa kaburi nikisoma majina."

"Nani kasema hataki?"

"Karanga! Kuku! Kufagia kanisa! Na wewe na pampu zako!"

Abeli alijishika kichwa. Ikawa kama analikaza neno lisitoke, kisha akaliachia.

"Mama Erica. Nitatokaje bafuni na taulo, mama yako amekaa kwenye lile kochi?"

Edina alisimama na pasi mkononi.

"Nitapiga mswaki, yeye asikie. Nitakohoa usiku, yeye asikie. Asubuhi afungue mlango wake na mimi nifungue wangu, tutazamane na nguo za kulalia. Tangu nimekuoa, mimi na yule mama hatujawahi hata kushika kikombe kimoja. Ningekwambiaje? Nikisema sitaki kukaa naye, ingekuwa kama namkataa. Yeye naye akisema, ingekuwa kama ananifukuza. Basi kila mtu akatafuta cha kusema."

Pasi ilianza kutoa harufu ya kitambaa, Edina akaiinua upesi.

Alikaa chini. Ni mambo aliyoyaona maisha yake yote mpaka akawa hayaoni tena. Abeli akifika Mvumi hasogelei mlango. Huita salamu ya Kigogo kwa mbali, "Mbukwenyi!", na mama hujibu kutoka ndani, kisha hujitanda khanga na kutoka kwa mlango wa nyuma ili Abeli apite mbele. Chakula chake hupelekwa nje, chini ya upenu, na huletwa na mtu mwingine. Hakuna chuki ndani yake. Hiyo ndiyo heshima yenyewe, na wawili hao walikuwa wameitunza bila kuidondosha hata mara moja, kama watu wanaopokezana chombo cha udongo. Naye Edina, aliyekuwa akiwauliza wakubwa wake kama wanapenda mto mgumu au mlaini, alikuwa amewachukua mkwe na mama mkwe akawaweka kwenye mlango mmoja wa bafu.

"Ungenipiga hata teke," alisema.

"Ulikuwa na furaha," Abeli alijibu. "Sijakuona na furaha hiyo tangu kaka yako aondoke."

Jumatatu akampigia Masudi. Masudi hakuwa na vyumba viwili vilivyotengana, likizo imejaa watu. Alimwambia hilo kochi atalijutia. Edina alijua kwamba kweli atalijutia. Akazitazama zile picha mara ya mwisho, dirisha lenye bahari, shuka zilizokunjwa pembe, akazifuta.

Kisha akaanza kupiga simu upya, kwa maswali ambayo hakuna mkurugenzi aliyewahi kumtuma ayaulize. Chumba cha chini mlango wake unatazama wapi? Mtu wa ghorofani akishuka, lazima apite mbele ya mtu wa chini? Mahali pa kula pana milango mingapi? Wengine walidhani anafanya mzaha. Msichana mmoja alimkatia simu. Mwishowe akampata mzee mmoja aitwaye Shaaban, kwenye hoteli ya zamani ya Upanga, yenye vyumba vilivyozunguka ua.

"Shikamoo, mzee," Edina alianza, kisha akamwaga maswali yake yote.

"Marahaba. Hebu ngoja kwanza, binti yangu," Shaaban alisema. "Kuna mtu unamtorosha?"

"Hapana, mzee. Nina mama yangu, na mume wangu."

Shaaban akacheka kwa sauti ya kifua. "Ungesema mapema! Mama namweka chini, upande wa bustani, ana bafu lake, hakuna ngazi. Bwana na watoto juu, upande wa barabarani, wana ngazi yao na geti lao. Hawatakutana mpaka watake. Bwawa hatuna lakini. Na lifti hatuna."

"Lifti ya nini mtu akilala chini?"

Erica aliposikia alinuna. "Hoteli gani haina hata bwawa, Mama? Si bora tulale kwa watu." Edina alimtuma akaanue nguo. Alijua pia kwamba yeye mwenyewe atalala chini na mama, upande wa bustani, na hataiona bahari akiamka. Huzuni yake ndogo aliikunja akaiweka.

Jumapili, baada ya ibada, alikwenda tena Mvumi, na safari hii Abeli alikwenda naye. Hakuulizwa, alitangulia tu kuvaa. Walipofika aliita salamu kwa mbali, ikajibiwa, akaketi kwenye kigoda chini ya upenu, mgongo kwenye ukuta. Upande wa ndani wa ukuta huohuo, karibu na dirisha, mama alikuwa amekaa kitandani amenyoosha mguu.

Edina akaketi mlangoni, kati yao.

"Mama, nimebadilisha hoteli."

"Nilikwambia nina karanga."

"Utalala chini, hakuna ngazi. Chumba kinatazama bustani. Bafu ni lako. Nitalala na wewe."

Mama alilitupia jicho dirisha. Kisha, kwa sauti ya chini, "Na yeye?"

"Juu, upande mwingine, na watoto. Ana ngazi yake na geti lake. Atakula mapema na Cornel, sisi tutakula baadaye."

"Na kwenye gari moshi?"

"Mabehewa mbalimbali."

Mama aliivuta khanga yake, akaipanga begani. "Na kule kwenyewe, atakayenionyesha ni nani?"

"Yeye, Mama. Atatangulia mbele, sisi tutamfuata. Akifika atasimama, kisha atasogea mbali."

Nje, kigoda kililia kidogo. Abeli alikuwa amesimama. Ukuta ulikuwa mwembamba na dirisha wazi, alikuwa amesikia kila neno, lakini hakujibu, maana hakuna neno aliloelekezewa.

Mama alitazama mguu wake. Kisha akasema, "Edina. Muulize mumeo. Walimlazaje?"

Edina akageuka mlangoni. "Baba Erica, mama anauliza, walimlazaje?"

Abeli alivua kofia. Aliongea akitazama shamba, si dirisha.

"Mwambie mama, kichwa kipo machweo, uso unatazama mawio. Wale vijana wachimbaji walikuwa wamelishusha sanduku vibaya, limeinama. Walitaka kuacha hivyohivyo, mvua inakuja. Mwambie niliwakatalia. Nilishuka mwenyewe mle ndani nikaliweka sawa kwa mikono yangu, halafu ndiyo wakanivuta. Mwambie, hakuzikwa kama mtu asiye na kwao."

Edina hakuwahi kuyasikia maneno hayo. Miaka sita alikuwa amelala kitanda kimoja na mtu aliyeshuka kaburini kwa kaka yake, na hakumuuliza, kwa kuogopa jibu. Na mama aliyetaka jibu hakuweza kumuuliza, kwa heshima. Na yeye mwenye jibu hakuwa na wa kumtuma.

Akageuka ndani. Alijua mama amesikia yote. Hata hivyo aliyarudia, moja baada ya jingine, machweo, mawio, sanduku, mvua, mikono yake, kwa sababu ndivyo yanavyofikishwa. Mama aliyapokea kwa kutikisa kichwa kila lilipofika, kama vile ndiyo kwanza yanaingia nyumbani.

"Mwambie nimesikia," mama alisema. Baadaye kidogo akasema tena, "Mwambie nimeshukuru. Mwambie nitakwenda."

Edina akafikisha. Abeli akaitikia, "Ndiyo, mama," kwa sauti ya chini sana, akiuelekea ukuta.

Simu ya Edina ikalia. Akatoka mpaka penye mtandao mzuri, karibu na zizi tupu. Alikuwa mzee Shaaban akiuliza kama aviweke vile vyumba au awape wengine waliokuwa wakivisubiri.

"Viweke, mzee. Tunakuja."

"Vizuri, nakuandika hapa. Ni safari ya kikazi au ya mapumziko?"

Kabla hajajibu, ndani ya nyumba kilio kikaanza. Kilianza chini, kama mtu anayejaribu kukohoa, kisha kikapanda, kilio kirefu cha mama aliyefiwa, kikipita dirishani na juu ya paa la bati mpaka mama jirani akatoka mlangoni pake kutazama. Abeli alikuwa palepale chini ya upenu, kofia mkononi, ameinamisha kichwa, wala hakuondoka.

"Binti, upo?" Shaaban aliuliza. "Nasikia watu wanalia. Kuna usalama?"

"Andika ya msiba, mzee," Edina alisema.

"Oo, poleni sana. Mmefiwa lini?"

Edina alimwomba asubiri kidogo, akaingia ndani kwa mama yake.